Chokaa ya Amparo

Juni 20
Presha 150 kwa 90. Daktari wa zahanati amenipa daftari hili niandike namba kila asubuhi, namba tu, nimpelekee Oktoba. Namba hiyo nimeandika. Lakini kurasa ni kubwa, na mimi Refugio sijawahi kuona nafasi ya kusema nikaiacha ipite. Daktari akitaka atasoma, asipotaka aruke.

Leo mpangaji ameingia nyumba ya marehemu dada yangu, ukuta kwa ukuta na yangu. Anaitwa Birgit, katoka Denmark, ana miaka sitini na sita, alikuwa karani wa posta, mjane, na baridi ya kwao inamla mifupa. Haya ameniambia kwa Kihispania cha kuokoteza, mikono ikimsaidia. Watu wa hapa wameshindwa jina lake, wanamwita Brígida, kama mtakatifu somo wa mji wetu. Fermín muuza mikate anasema ni mtakatifu mwenyewe kaja kukagua paa la kanisa, maana linavuja.

Fermín huyo huyo ndiye aliyemleta. "Mama Refugio, nyumba tupu inaoza. Weka mtu." Nikaweka.

Juni 21
148 kwa 90. Mvua saa tisa, kama kawaida yake.

Juni 24
Mgeni anatuvunja mbavu. Gari la gesi limepita likipiga kelele zake, yeye akatoka mbio na ndoo ya takataka. Gari la taka lilipopita na kengele, akabaki ndani. Roketi za sikukuu zilipolipuka asubuhi alijificha chini ya meza, Fermín kamwona dirishani. Anatembea juani saa saba mchana bila kofia, anasalimia hadi mbuzi. Mtu mwema. Akiambiwa chochote anajibu "Ndiyo, ndiyo," hata kama hakuelewa.

Juni 27
152 kwa 92. Kuna jambo niliandike, huenda presha ikashuka.

Chumba cha nyuma cha nyumba ile nimetandika mkeka, na chini ya mkeka kuna msalaba wa chokaa. Ndipo tulipomlaza dada yangu Amparo kabla ya jeneza, Mei 30. Maiti wa mji huu huchorewa msalaba wa chokaa pale alipolala, ukasaliwa siku nane, na ya tisa ukakusanywa, ukatiwa kisandukuni, ukazikwa kichwani pa kaburi. Anayeukusanya ni ndugu wa damu, na kabla hajagusa chokaa lazima amwombe marehemu msamaha kwa sauti, mbele ya watu, kwa lile lililokuwa kati yao. Asipofanya hivyo kivuli cha mtu kinabaki sakafuni.

Siku ya tisa mto ulifurika. Bi Natividad, anayetuongozea sala, alikwama ng'ambo, na watu waliofika walikuwa wanne. Nikawaambia nendeni makwenu kabla mvua haijazidi, mimi na Bi Nati tutamaliza kesho. Kesho yake nikamwambia Bi Nati nimekwisha kukusanya. Kisha nikatandika mkeka.

Miaka kumi na moja tulikaa ukuta kwa ukuta bila salamu. Siku mama yetu alipofariki mimi nilikuwa nimekwenda sikukuu ya mji wa pili, na niliporudi Amparo aliniuliza mbele ya jeneza, ukumbi mzima ukisikia, "Ulikuwa wapi?" Basi, ikawa tangu siku hiyo. Sasa mimi niombe msamaha wa nini? Aliyetukana ni yeye. Na siku aliyokufa mimi nilikuwa nimelala usingizi wa mchana, redio inaimba. Fermín ndiye aliyemkuta, saa kumi na moja, alipopiga honi na yeye hakutoka kununua mkate.

Mgeni nimemwambia chumba hicho kinavuja, asikiingie. Akasema ndiyo, ndiyo.

Julai 2
145 kwa 88. Mbu.

Julai 9
Sikupima.

Saa sita mchana mgeni amekuja kwangu, uso mwekundu kama nyanya, kashika kitambaa kinachofuka mvuke. Tortiya! Amekwenda sokoni peke yake na akina mama wamemfundisha: mahindi unayachemsha na chokaa, unayaacha yalale, asubuhi unaosha, unasaga, unakanda, unachoma kwenye kigae. Zilikuwa nene kama soli, moja ina tundu katikati, lakini utamu ulikuwemo, sitamdhulumu. Nimekula tatu kwa chumvi.

"Ukiendelea hivi tutakuozesha hapa hapa," nikamwambia.

Alicheka kwa furaha mpaka machozi. Nikamuuliza chokaa kanunua kwa nani, maana ile ya sokoni siku hizi imejaa vumbi.

"Sinunua," akasema. "Chumba nyuma. Chini ya mkeka, nyingi! Mimi nachekecha, natoa maua, natoa nta ya mshumaa. Safi. Vibaya kutupa."

Sijui nilitokaje kitini. Nilikwenda kule na kandambili mguu mmoja. Sakafu imeoshwa, inanukia sabuni ya ndimu, mkeka umeanikwa uani. Juu ya rafu ya jikoni kuna kopo la kahawa lenye chokaa iliyobaki, kina cha kidole. Nikalichukua. Mgeni akasimama nyuma yangu anauliza, "Nimekosea? Nimekosea?" Nikasema hukukosea, mama, pika tu.

Nyuma ya nyumba yangu nilijitia kidole kooni. Hakikutoka kitu.

Julai 12
155 kwa 95. Mgeni mzima wa afya. Mimi mzima. Kumbe ninaogopa bure kama mtoto.

Julai 19
Mbwa wa Amparo, Canelo, tangu kifo kile alikuwa halali ila langoni, na haingii ndani hata umtupie mfupa. Leo kaingia. Kalala juu ya miguu ya mgeni.

Julai 26
150 kwa 90. Nimealikwa kahawa upande wa pili. Mgeni kachukua chumvi, ncha ya kidole, akatia kikombeni kwake, kisha ncha nyingine kikombeni kwangu. Mama yetu alikunywa hivyo, na Amparo baada yake, na wengine wote mjini hutucheka.

"Nani kakufundisha?"

"Inanyweka hivyo," akasema.

Sikummalizia kahawa yake.

Agosti 3
Mji mzima unamsifu. Jana alimfokea mtu wa gesi aliyetaka kumpa mtungi mwepesi, akamfokea mpaka mtu akashusha mwingine, tena si kwa kuokoteza maneno, kwa sentensi zilizonyooka. Amewekwa kamati ya maua ya kanisa. Fermín kanisimamishia baiskeli barabarani: "Mama, huyu kazoea kuliko waliozaliwa hapa. Mwezi na nusu tu! Wageni wengine miaka kumi bado wanauliza chumvi kwa vidole."

"Kichwa chepesi," nikasema.

"Ila mguu kauumiza wapi? Anachechemea."

Mguu wa kushoto. Amparo alivunjika nyonga ya kushoto.

Agosti 8
Nilikwenda kumpelekea bili ya umeme. Sikupiga hodi. Nilikuwa nimesimama tu nje, ninatafuta miwani mfukoni. Sauti ikatoka ndani:

"Usisimame mlangoni, Cuca. Ingia."

Katika dunia hii watu wawili tu, mama na Amparo, waliwahi kuniita Cuca, na wote wawili wako makaburini. Bili niliipitisha chini ya mlango, nikarudi kwangu nikakaa kitandani na viatu.

Agosti 10
Mvua mchana kutwa. 160 kwa 98.

Agosti 16
Nimekwenda. Nikasema potelea mbali, nitaona. Alikuwa uani anamenya maharage, akanisogezea kiti bila kuinua uso, na mimi nikakaa nikamenya. Tukazungumza. Alikumbuka yule jogoo wa baba aliyepanda madhabahuni siku ya ubatizo, na padri akamfukuza kwa fimbo ya askofu. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika. Macho ni yale yale ya kijivu ya Birgit, nywele ni zile zile nyeupe za kule baridini, na kicheko ni cha dada yangu, kile cha kuvuta pumzi ndani kama anayezama.

Nitasema kweli, maana daktari hanijui kitu: nimefurahi. Miaka kumi na moja nilikuwa ninakula peke yangu ninasikiliza kijiko chake upande wa pili wa ukuta.

Agosti 17
Leo tena. Tumetengeneza mchuzi wa pilipili kavu. Kanigombeza nimechoma ufuta.

Agosti 19
Tena.

Agosti 23
146 kwa 85, namba nzuri kuliko zote tangu nianze. Jumapili. Binti wa mgeni, Mette, humpigia simu kila Jumapili baada ya misa, na tangu Juni nilikuwa ninasikia kupitia ukutani lugha yao ile ya kama mtu anayetafuna viazi vya moto, na vicheko. Leo simu imeita muda mrefu. Halafu nikasikia akijibu kwa Kihispania, "Ndiyo, señorita. Hapana, señorita."

Nilipokwenda alasiri, kabla sijafika mlango: "Usisimame mlangoni, Cuca. Ingia."

Anasema hivyo kila siku. Kila siku. Hata nikija kwa kunyata.

Agosti 29
Siwezi kulala mchana tena. Ikifika saa tisa ninakaa nimeutazama ukuta.

Niliandika kwamba siku ile nilikuwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa ninashona, na nikasikia akigonga ukuta. Mara tatu, akapumzika, mara tatu. Sikujua ni nini. Nilidhani anapigilia msumari wa picha. Nikaongeza sauti ya redio. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na nimeshaandika, basi.

Septemba 3
Mto umefurika tena. Mchuzi wa mbegu za maboga.

Septemba 6
Simu yangu imelia. Nilikuwa nimempa mgeni namba Juni, kwa ajili ya dharura, na Mette ndiye aliyepiga. Kihispania anakijua kidogo, cha shule.

"Señora Refugio? Samahani. Mama yangu mgonjwa?"

"Mzima. Anakula, anatembea."

"Haongei lugha yetu. Mimi nasema, yeye hajui. Nauliza mimi nani. Anasema, 'Wewe ni msichana wa kampuni ya simu.'" Kisha akalia. Kilio hakina lugha. Alikuwa analia kama sisi tulivyolia kwa mama, kwa kujizuia, na mimi nikasema, "Pole, mwanangu, pole, nitamwangalia."

Nilipokata simu nikasikia upande wa pili Amparo anaimba anafua. Nimeandika Amparo. Sifuti.

Septemba 8
Nimekwenda kwa Bi Natividad. Ni mwanamke mkavu, mdogo, kazika nusu ya mji huu na hana muda wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamweleza yote: mkeka, chokaa, tortiya. Alinisikiliza akiendelea kuchambua mchele.

"Ulisema umekusanya," akasema.

"Nilisema."

"Ulinitazama usoni ukasema."

"Bi Nati, nisaidie, matusi utanitukana baadaye."

"Yule mgeni maskini kakila kivuli cha mtu, na wewe unakwenda kula naye mchuzi." Akaweka sinia chini. "Msalaba hauko tena sakafuni, uko ndani yake. Basi tutamlaza yeye pale pale, tutamsalia kama tulivyousalia msalaba, na wewe utamwomba dada yako msamaha. Lakini useme kilichokuwepo, Refugio. Marehemu hadanganyiki, anajua kuliko sisi."

Septemba 13
Tulikuwa wanane. Mgeni hakukataa. Alijilaza mwenyewe sakafuni chumba cha nyuma, mikono ameitanua pande mbili, bila kuelekezwa, miguu ikaelekea mlangoni kama inavyowekwa ya maiti. Akina mama wawili walifanya ishara ya msalaba wakatoka. Bi Nati akasali. Nje mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi aongeze sauti.

Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti. Nikasema, "Amparo, nisamehe. Ulinigongea ukuta siku ile nami nikadhani ni msumari. Niliongeza redio." Fermín akavua kofia. Watu wakanionea huruma, nikaona. Mtu mmoja akasema, "Angejuaje, masikini?" Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli.

Birgit akafumbua macho akanitazama kutoka chini. Akasema kwa upole, kama unavyomwambia mtoto ambaye hajamaliza uji wake, "Ndiyo yote hayo, Cuca?"

Nikasema ndiyo yote.

Akainuka, akakung'uta sketi, akaenda kuweka kahawa.

Septemba 14
Bi Nati hakunijibu salamu sokoni.

Septemba 20
165 kwa 100. Kavaa aproni ya Amparo, ile ya mraba mraba niliyoificha kwenye sanduku lenye kufuli. Kasuka nywele. Jumapili leo, simu imeita mpaka ikanyamaza, ikaita tena. Alikuwa amekaa mbele yake anaitazama kama mdudu.

Septemba 26
Gari la taka. Mfukoni mwa takataka zake nimeona fremu, nikaitoa kabla hawajaitupa garini. Ni picha ya mumewe, mtu mrefu mwenye masikio makubwa, kashika samaki. Kwa nyuma kuna maandishi ya kwao. Nilimrudishia. Akaishika akaigeuza.

"Nani huyu?"

"Mumeo."

"Mimi sijaolewa, Cuca, umeanza kuzeeka vibaya." Na ni kweli, Amparo hakuolewa.

Picha iko kwangu, juu ya kabati. Nimeipangusa. Ninapoitazama ninaona aibu, kama mwizi aliyekutwa na mwenye mali.

Septemba 27
Sikwenda kwake.

Septemba 28
Nimekwenda. "Usisimame mlangoni." Nikaingia.

Oktoba 4
Mette kapiga. Amekata tiketi, anafika tarehe 20, atamchukua mama yake ampeleke hospitali ya kwao. "Madaktari watajua," akasema. Hawatajua. Watamweka kwenye chumba cheupe, atazungumza nao Kihispania cha Santa Brígida mpaka afe, na dada yangu atazikwa kwenye barafu na mwanamke wa watu.

Na mimi, Mungu anisamehe, jambo la kwanza lililonijia halikuwa hilo. La kwanza lilikuwa: tarehe 20, nitakula na nani?

Oktoba 7
Mvua zinakatika. Leo saa tisa hakikunyesha kitu, na kimya kile ni kibaya kuliko radi. 170 kwa 100. Nimeandika namba, nikakaa na kalamu saa nzima.

Oktoba 9
Nimemwambia Bi Nati aite watu. Aite wengi. Akaniuliza, "Safari hii?" Nikasema, "Safari hii."

Oktoba 11
Walijaa chumba hadi uani. Kweupe, jua linawaka, hakuna mvua ya kunificha sauti. Birgit alilala pale pale, mikono wazi, aproni ya Amparo kifuani. Bi Nati akafupisha sala kwa makusudi, sikupata hata muda wa kupanga maneno. Akaniambia, "Haya."

Nitaandika nilivyosema, kwa sababu nilisema mara moja na sidhani nitaweza tena.

Nilisema: "Amparo, nilijua si msumari. Nilijua tangu kishindo cha kwanza. Niliacha kushona. Nilichukua ufunguo wa mlango wako, maana mama alimpa kila mmoja wetu ufunguo wa mwenzake, nikatoka kwangu, nikaja mpaka mlangoni kwako. Nilisimama. Nilisikia unavyohema. Uliuliza, 'Nani?' Sikujibu. Nilitaka uniite kwa jina. Miaka kumi na moja nilikuwa ninangoja uanze wewe, na nikaona leo ataanza, leo hana budi. Nikangoja. Uligonga tena, polepole. Nikasema moyoni, aniite mara moja tu nitafungua. Halafu hukugonga tena. Nikarudi nyumbani nikaosha vyombo. Ndipo nikaongeza sauti ya redio, baadaye, ili nisisikie kimya. Nisamehe. Ufunguo ulikuwa mkononi."

Hakuna aliyesema "masikini". Nilisikia mtu nyuma yangu anatema mate. Sikugeuka.

Birgit alikuwa ananitazama. Akasema, kwa sauti ya dada yangu, ya kawaida tu, kama mtu anayesema mkate umeisha:

"Nilikiona kivuli chako chini ya mlango."

Nikangoja aseme nimekusamehe. Nilimwinamia kabisa, sikio langu mdomoni pake. Hakusema. Alivuta pumzi ile ya kwake, ya kuzama, macho yakafumba, na Canelo aliyekuwa kizingitini akainuka akatoka nje mpaka langoni.

 Halafu mwanamke akafumbua macho, akaona uso wangu karibu na wake na watu arobaini wamemzunguka, akapiga ukelele kwa lugha ya kwao. Akakaa. Akaiona aproni, akaivua haraka haraka kama inayowaka. "Samahani," akasema, "samahani, mimi anguka? Maji, tafadhali. Nini? Nini hapa?" Kihispania cha kuokoteza. Bi Nati akampa maji, na akina mama wakaanza kulia wote kwa pamoja, mimi sikulia.

Nilimletea picha ya samaki kutoka kabatini kwangu. Akaikumbatia. Nikampa simu yake, nikamwonyesha jina la Mette. Akapiga. Nikasikia Mette akimwita mama yake, "Mor? Mor?" kule ng'ambo, na yeye akaanza kutafuna viazi vyake vya moto, anacheka, analia, anamwuliza maswali, nadhani leo ni tarehe ngapi. Nikatoka nikafunga mlango taratibu.

Oktoba 12
Saa kumi na moja Fermín amepita. Kapiga honi kwa jirani wa kushoto, kapiga kwa Birgit, kwangu hakupiga.

Oktoba 13
Hakupiga.

Oktoba 15
158 kwa 95. Nimemwonyesha Birgit gari la gesi tena na gari la taka tena. Hakumbuki kitu tangu Julai. Anahesabu kwa vidole miezi iliyompotea, anaogopa, halafu anacheka. Mette atakuja tarehe ile ile, lakini sasa ni kwa matembezi. Birgit anasema wakikubaliana atabaki. Kuna chumvi nilitia kwenye kahawa yake leo, ncha ya kidole. Akaitema.

Daktari nilimpelekea karatasi tofauti, namba tu.

Oktoba 18
Leo tumezika chokaa. Ile iliyobaki kwenye kopo, kina cha kidole, nimeitia kisandukuni. Desturi inataka watu wawili, mmoja abebe kisanduku na mwingine maua, na mjini hapa hakuna aliyejitokeza kunibebea maua. Nilipita mitaa mitatu nikibisha. Watu hawakuwa nyumbani, hata wale niliowasikia wanakohoa.

Birgit alinikuta langoni na lile fungu la maua mekundu laini kama velveti kwapani na kisanduku kikinielemea. Akayachukua maua bila kuuliza. Tukapanda mlima wa makaburini, yeye na kofia sasa, nimemfundisha. Bi Nati alitungoja kwa mbali, akasali sala fupi, akashuka zake. Nikachimba kwa mwiko, nikafukia. Birgit akayapanga maua vizuri, moja moja, kwa namna ya watu wa posta. Aliona jina kwenye msalaba na miaka chini yake, akanitazama na yale macho yake ya kijivu. Hakuna mtu mwingine ndani yake. Nilitafuta, ninakiri, nilitafuta.

"Dada yako," akasema.

"Dada yangu."

"Wewe na yeye, mnapendana?"

"Hatukusemeshana miaka kumi na moja," nikasema, "na alipokuwa anakufa nilisimama nje ya mlango wake nikakataa kuingia."

Akakunja uso. Akagusa sikio lake, akatabasamu kwa aibu, kama kila anapodhani Kihispania chake kimemwangusha.

"Samahani, jirani. Mimi si elewa vizuri. Tafadhali, tena? Polepole?"

Nikarudia. Polepole, neno moja moja, mpaka nilipoona ameelewa.